Nahodha Bates na Saa ya Kuanza Sabato

Huku Kibondo na Kasulu jua huchelewa kuchwa. Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, nasi tunakaa karibu na nyuzi 30. Kwa hiyo ndugu zetu wa Dar es Salaam wanapomaliza kuimba wimbo wa kufungua Sabato, jua letu bado liko juu ya vilima upande wa Burundi. Mwaka mzima kwetu huzama kati ya saa 1 kasoro robo hivi na saa 1 na dakika 20 usiku. Hata hivyo wako waumini wanaofungua Sabato saa 12 kamili kwa kufuata redio, na siku ya pili, saa 12 ileile, wanaifunga, jua likiwa bado linawaka juu ya mabati, wakaenda kufungua duka. Wengine humwona jirani akifanya hivyo na kumhesabu kuwa mvunja Sabato. Nimeona makundi mawili ya kanisa moja yakinuniana kwa dakika 50.

Waanzilishi wetu walipita njia hiyohiyo kwa karibu miaka 10. Aliyekuwa katikati ya jambo hilo ni mzee ambaye bila yeye labda tusingekuwa na Sabato ya kuuliza inaanza saa ngapi. Huyo ni Joseph Bates.

Alizaliwa tarehe 8 Julai 1792 huko Rochester, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, akalelewa Fairhaven, mji wa pwani ambako wavulana waliota meli usiku na mchana. Wazazi wake walijaribu kuimaliza hamu hiyo kwa kumpeleka safari fupi ya Boston, ikazidi. Mwaka 1807 akaingia melini kama mtumishi mdogo kwenda London. Katika safari ya kurudi alianguka baharini kutoka juu ya mlingoti. Papa mkubwa aliyekuwa akiifuata meli kwa muda mrefu alikuwa amehamia upande wa pili saa ileile, na kijana akavutwa juu kwa kamba akiwa mzima.

Mwaka 1810, akiwa Liverpool, askari walimkamata usiku pamoja na mabaharia wengine na kumtia kwa nguvu katika jeshi la majini la Uingereza. Ndivyo walivyopata mabaharia siku hizo. Vita kati ya Uingereza na Marekani ilipoanza mwaka 1812 alikataa kupigana na watu wa taifa lake, akachagua kuwa mfungwa. Sehemu ya mwisho ya kifungo aliimaliza katika gereza la Dartmoor, akaachiliwa mwaka 1815. Alikuwa ametoka nyumbani kijana mdogo, akarudi mtu mzima asiyeogopa wanadamu, na pengine asiyezoea kuwasikiliza pia.

Mwaka 1818 alimwoa Prudence Nye, na baada ya miaka michache akawa nahodha. Wengi tunajua habari za kuacha kwake vileo na tumbaku, basi nitazipita upesi: pombe kali mwaka 1821, divai mwaka uliofuata, tumbaku baada ya hapo, na baadaye chai na kahawa. Vileo na tumbaku aliviacha kabla hajaongoka, na katika safari zake za mwisho mabaharia walikuta meli isiyo na pombe wala matusi. Agano Jipya ambalo Prudence alilificha katika sanduku lake la safari ndilo lililoanza kumgeuza moyo. Mwaka 1827 alibatizwa katika kanisa la mkewe, na mwaka 1828 aliiacha bahari akiwa na akiba ya zaidi ya dola 10,000, mali nyingi sana kwa wakati ule.

Nahodha hapigishi kura melini. Mawimbi yanapopanda hawezi kumwuliza kila baharia anaonaje. Huamuru, na mwenye kusitasita huzamisha wote. Hiyo ndiyo shule iliyomlea Bates kwa miaka 21. Kanisa halikuwa meli ya namna hiyo, naye ilimbidi kujifunza shule nyingine akiwa mtu wa makamo. Ndiyo sababu maisha yake yanafaa kusomwa na wazee wa kanisa, na wenyeviti wa kila namna, na sisi tuliozoea kufundisha.

Mwaka 1839 alisikia mahubiri kuhusu kuja kwa Kristo yaliyotokana na kazi ya William Miller, akayachunguza, akayapokea. Alikuwa pia mpinga utumwa. Mapema mwaka 1844 alisafiri na ndugu Heman Gurney hadi Maryland, jimbo la mabwana wa watumwa, kuhubiri ujio wa Yesu. Huko walimshuku kwamba amekuja kuiba watumwa. Akawajibu bila kuficha kwamba kweli anapinga utumwa, na kwamba amekuja kuwachukua watumwa na mabwana zao wote pamoja, wawe tayari kumlaki Bwana. Watumwa walisimama nyuma ya mikutano ile wakasikia yote.

Alikuwa ameuza nyumba na mali, akatoa karibu kila kitu kwa ajili ya ujumbe. Tarehe 22 Oktoba 1844 ikapita, Yesu hakuja. Bates alikuwa na miaka 52, hana meli wala akiba.

Hapo ndipo habari yetu hasa inapoanza. Mwanzoni mwa mwaka 1845 alisoma makala ya T. M. Preble katika gazeti dogo la Waadventista, iliyosema kwamba siku ya saba ndiyo Sabato ya Bwana. Akafungua Biblia, akaona ni kweli. Angeweza kutulia nyumbani na kuishika. Badala yake alisafiri zaidi ya kilomita 150 mpaka New Hampshire kumtafuta Frederick Wheeler, mhubiri ambaye alisikia kwamba yeye na waumini wachache wa Washington wanaishika siku hiyo. Alifika usiku kama saa 4, watu wamekwisha kulala. Wheeler aliamka, wakakaa na Biblia mpaka asubuhi, kisha wakaenda kuzungumza na jamaa ya Farnsworth. Bates hakuhitaji kusadikishwa tena juu ya ukweli wenyewe. Alitaka kujua kama wengine wanaosoma Neno lilelile wanasikia jambo lilelile.

Aliporudi, kwenye daraja la kuingia Fairhaven, alikutana na jirani yake James Madison Monroe Hall, aliyemwuliza kuna habari gani. Bates akamwambia habari ni kwamba siku ya saba ndiyo Sabato. Hall alikwenda nyumbani akasoma, na Sabato iliyofuata akaishika. Mwaka 1846 Bates aliandika kijitabu juu ya Sabato. Wote tumesikia jinsi alivyokianza akiwa hana fedha ya kukichapisha, na jinsi alivyonunua unga kidogo kwa sarafu yake ya mwisho ya senti 12 na nusu. Prudence alipojua kwamba hiyo ndiyo fedha yote waliyobaki nayo alilia. Wahubiri wetu hupenda kuruka haraka mpaka kwenye barua iliyokutwa posta ikiwa na dola 10 ndani. Mimi huona ni haki kubaki kidogo jikoni na mama yule. Mumewe alikuwa ametoa mali yote, na yeye ndiye aliyepaswa kupika. Zaidi ya hayo, alikuwa bado hajaipokea Sabato. Kwa karibu miaka 5 Bates aliishika peke yake nyumbani mwake, mpaka Prudence alipoamua mwenyewe mwaka 1850. Nahodha aliyezoea kuamuru hakumwamuru mkewe katika jambo la dhamiri.

James White na Ellen Harmon walifunga ndoa tarehe 30 Agosti 1846, wakasoma kijitabu kile, wakaanza kuishika Sabato. Kuhusu njozi za Ellen, Bates hakuwa na haraka. Alikuwa amemwona katika njozi zaidi ya mara moja, akamheshimu binti yule kama Mkristo wa kweli, lakini njozi zenyewe alidhani zimetokana na udhaifu wa mwili wake. Hakumzomea wala hakumfuata kwa sababu wengine wanamfuata. Mnamo Novemba mwaka huohuo huko Topsham, Maine, alimsikia akieleza mambo ya sayari ambayo yeye, mtu wa bahari aliyejua nyota, aliamini binti huyo hakujifunza popote. Hapo akasadiki, akabaki rafiki wa huduma ile mpaka kufa.

Halafu ukaja mwaka 1848, ambao ningependa kila darasa la Shule ya Sabato liujue vizuri kuliko linavyoujua. Waumini wa Sabato walikuwa wachache, wametawanyika, na kila mmoja alikuwa na mafundisho yake mfukoni. Wakaitana katika mikutano: Rocky Hill huko Connecticut mwezi Aprili, wakafika kama 50, mwezi Agosti Volney, New York, katika ghala la David Arnold, wakafika kama 35 na ilikuwa shida kupata wawili waliokubaliana, kisha katika ghala la Hiram Edson huko Port Gibson, na kwingineko kabla mwaka haujaisha. Bates alikuwepo, pamoja na James White na mkewe, Edson, mzee Pierce na wengine. Walifunga, waliomba, wakafungua Biblia, na mara nyingine waliendelea mpaka alfajiri.

Tena angalia hili: wakati huo akili ya Ellen White ilikuwa kama imefungwa. Wenzake walipokuwa wakichambua maandiko yeye hakuweza kufuata hoja zao, na hali hiyo ilidumu kipindi chote walipokuwa wakijenga mafundisho makuu. Walipofika mwisho wa uwezo wao, wakasema hawawezi kwenda zaidi, ndipo mara nyingine alipewa njozi na mwanga juu ya fungu lililowashinda. Kwa kuwa walijua hakuyaelewa kwa akili yake mwenyewe, hawakuweza kusema kwamba dada huyu amechukua upande wa fulani. Kazi ya kusoma haikuondolewa kwa yeyote. Anayetaka kulinganisha na Matendo 15 ataona jambo la kufanana: mjadala mwingi, watu wanasimama mmoja mmoja kueleza yaliyotokea, Yakobo analeta maandiko ya manabii, na mwishoni uamuzi unasemwa kuwa ni wa Roho Mtakatifu na wa ndugu pamoja.

Lakini kulikuwa na swali moja ambalo katika mikutano ile halikuchambuliwa hivyo. Sabato inaanza saa ngapi?

Walawi 23:32 inasema jioni hata jioni, hakuna aliyekataa. Shida ilikuwa neno jioni. Wengine huko Maine walitaka kuanza alfajiri kwa kusoma Mathayo 28:1, na wazo hilo likazuiwa mapema. Waliobaki walimfuata Bates, naye alisema jioni ni saa 12. Hoja yake ilikuwa ya mtu aliyevuka ikweta mara nyingi. Kule jua huchwa karibu na saa 12 mwaka mzima, bila kubadilika kwa majira, kwa hiyo saa ya ikweta ndiyo inayoweza kuwatosha watu wa dunia nzima. Tena alitegemea mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20: siku ina saa 12, na walioajiriwa saa 11 walifanya kazi saa moja tu kabla ya jioni.

Msomaji wa Kiswahili asicheke. Hoja hiyo ingetuingia sisi upesi kuliko Mmarekani yeyote, kwa sababu saa zetu ndizo saa za mfano ule. Saa 11 ya Mathayo ni saa 11 yetu, na mwenye shamba angeweza kuwa na kilimo chake Kasulu. Tena kwa mtu wa karibu na ikweta kama sisi, akipima kwa kivuli badala ya saa ya mkononi, kosa la Bates lingekuwa la dakika chache tu. Kwa New England lilikuwa kubwa. Huko Desemba jua huchwa kama saa 10 na nusu, na Juni hupita saa 1 na nusu. Basi wakati wa baridi Ijumaa iliingia giza watu wakiwa bado sokoni au wakipasua kuni, na Sabato ya Biblia imekwisha kuanza saa moja na nusu iliyopita. Wakati wa joto waliimaliza Sabato jua likiwa bado liko mbinguni.

Kwa nini hawakuliona? Naona jibu ni la kibinadamu kabisa. Mzee Bates ndiye aliyewaletea Sabato. Alikuwa na umri, na uzoefu, na maisha safi. Aliijua dunia na nyota zake kuliko wote waliokuwa chumbani. Nani angesimama kumpinga kuhusu jua? Tena mwaka 1848 huko Connecticut, katika mkutano wa maombi wa nguvu, ndugu mmoja alisema kwa lugha isiyojulikana, kisha akaomba chaki na kuchora uso wa saa unaoonyesha saa 12 jioni. James White mwenyewe aliandika habari hiyo kwa furaha, kama uthibitisho.

Uthibitisho ule haukuwa wa kweli. Nadhani makanisa yetu ya Kigoma yanahitaji kulitafakari jambo hili bila haraka, kwa sababu nasi tunao ndugu wanaoshuka kutoka maombi ya usiku mlimani wakisema wameonyeshwa. Hawakuwa waongo watu wale wa Connecticut. Waliomba kwa machozi. Lakini walikuwa wamekwisha kuamua kabla ya kuomba, na mchoro wa chaki ukawarudishia walichokuwa nacho tayari. Biblia juu ya jambo hilo ilikuwa bado haijafunguliwa na wote.

James White hakuwa na amani. Wabaptisti wa Siku ya Saba walianza Sabato jua linapochwa, na barua za maswali zilikuwa zikija. Mwaka 1855 alimwomba J. N. Andrews alichunguze. Andrews alikuwa na miaka 26. Bates alikuwa na 63, na alikuwa ameanza kuhubiri Sabato Andrews akiwa mvulana wa Maine. Kijana huyu mwenyewe aliifuata saa 12 kama wengine. Alikwenda kwenye Biblia fungu kwa fungu akitafuta Maandiko yanapoliweka neno jioni: Kumbukumbu la Torati 16:6, ambapo jioni ya Pasaka imefungwa na kuchwa kwa jua, Walawi 22:6, 7, ambapo mtu najisi huwa safi jua likizama, Marko 1:32, ambapo watu wa Kapernaumu walingoja jua lizame ndipo walete wagonjwa wao kwa Yesu, maana Sabato ilikuwa imekwisha. Hakuna saa ya ukutani iliyotajwa.

Jaribuni darasani kwenu kuyasoma mafungu hayo kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, kabla mwalimu hajaeleza neno. Huku kwetu mmoja hufungua Biblia ya Kiswahili na jirani yake ya Kirundi, na mara nyingi kutofautiana kwa neno moja hufungua mazungumzo ambayo maelezo ya mwalimu yangeyafunga.

Mnamo Novemba 1855 wajumbe walikutana Battle Creek, Michigan. Asubuhi ya Sabato maandishi ya Andrews yalisomwa mbele ya wote. Karibu wote walikubali mara moja. Waliobaki na saa 12 hasa walikuwa wawili, na wawili hao walikuwa Joseph Bates na Ellen White.

Fikirini hali ya chumba kile. Baba wa Sabato upande mmoja, na pamoja naye dada aliyeheshimiwa kwa karama ya unabii. Upande mwingine, kijana mwenye karatasi, na Neno. Hakuna aliyeliondoa jambo mezani kwa sababu ya heshima ya wakubwa. Wala hakuna aliyewafukuza wale wawili. Mkutano uliendelea, wakaomba.

Siku chache baadaye, tarehe 20 Novemba, Ellen White alipewa njozi. Katika njozi hiyo alionyeshwa kwamba ni jua kuchwa, kinyume cha alivyoshikilia yeye mwenyewe. Alimwuliza malaika swali ambalo sisi pia tungeuliza: kama ndivyo, imekuwaje wamefuata saa 12 miaka yote hii na bado wakabarikiwa? Akaonyeshwa kwamba Mungu hakuwaondolea kibali kwa jambo ambalo walikuwa hawajapata nuru yake. Lakini nuru ikija na mtu akaisukuma kando, hapo hali inakuwa nyingine. Kuna watu wanaosema Ellen White alifundisha mambo yake kwa kutumia njozi. Kisa hiki kinawapa kazi ngumu. Njozi ilikuja baada ya Biblia kuchunguzwa na kusomwa, na ilimsahihisha mwonaji.

Bates aliacha. Hakuanzisha kundi la saa 12. Hakuandika kijitabu kingine cha kutetea ikweta, ingawa kalamu yake haikuwa nzito. Na haikuwa mara yake ya kwanza. Mwaka 1850 alikuwa amefundisha kwamba matone 7 ya damu ya hema ya zamani ni miaka 7, na kwa hiyo Kristo angekuja mwaka 1851. Wengine walianza kuamini, Ellen White akaonya kwamba ujumbe usitundikwe kwenye tarehe tena, na Bates akaliweka chini. Mtu aliyekwisha kuaibika hadharani mwaka 1844 angeweza kujitetea kwa nguvu zaidi. Sidhani ilikuwa rahisi kwake.

Aliyasafiri majimbo kwa miguu, kwa gari la farasi na kwa treni pale nauli ilipopatikana. Huko Jackson, Michigan, mwaka 1849, alimweleza Dan Palmer, mhunzi, ujumbe wa Sabato huku nyundo ikilia juu ya fuawe. Mwaka 1852 alishuka Battle Creek asikojua mtu, akamwuliza msimamizi wa posta ni nani mtu mwaminifu kuliko wote mjini. Akaelekezwa kwa David Hewitt, Mpresbiteri, akala kifungua kinywa kwake, na kufikia jioni familia ile ilikuwa imesikia mafundisho yote. Wakaishika Sabato iliyofuata.

Mji huo ukawa kituo cha kazi. Mwaka 1860 wajumbe walipokutana huko kutafuta jina na namna ya kumiliki nyumba ya uchapaji kisheria, mwenyekiti aliyechaguliwa alikuwa Bates. Mjadala ulikuwa mkali, kwa kuwa wengi waliogopa kwamba kujipa jina ni kuwa Babeli. Wengine walitaka Kanisa la Mungu. Yule nahodha wa zamani aliketi mbele na kuwaacha waseme. Mwishoni David Hewitt, mtu mwaminifu wa Battle Creek, ndiye aliyetoa hoja kwamba tuitwe Waadventista Wasabato. Ndugu mmoja kutoka Ohio alipinga, na kupinga kwake kukaandikwa. Jina hilo ndilo lililofika Upare mwaka 1903 pamoja na wamishonari wa kwanza kutoka Ujerumani, na kutoka huko na kwingineko likapanda mpaka vilima vya Heri.

Andrews, yule kijana wa karatasi, alitumwa Ulaya mwaka 1874, mmishonari wa kwanza rasmi wa kanisa letu ng'ambo. Bates hakuishi kuiona siku hiyo. Mwaka 1858 alikuwa amehamia Monterey, Michigan, pamoja na Prudence, ambaye alifariki mwaka 1870. Mzee aliendelea kuzunguka makanisani, na katika mwaka wake wa mwisho kamili, akikaribia miaka 80, aliongoza mikutano kama 100 mbali na ile ya kanisa lake mwenyewe. Alifariki Battle Creek tarehe 19 Machi 1872. Walimrudisha Monterey, wakamzika karibu na mkewe katika makaburi ya Poplar Hill.